Neno "Moja" Katika Barua za Molekuli

Mwaka 1952 Erwin Schrödinger, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi Dublin, alichapisha katika jarida la Uingereza la falsafa ya sayansi insha ndefu yenye kuuliza kama kweli iko miruko ya kwanta katika maumbile. Ndani ya insha ile imo kauli ambayo baadaye ilipata umaarufu kuliko insha yenyewe. Alisema, nami naeleza maana yake wala si maneno yake, kwamba hatufanyi kamwe majaribio juu ya elektroni moja, au atomu moja, au molekuli ndogo moja. Kwamba twafanya hivyo katika mawazo tu, na kila tufanyapo twaishia katika mambo ya kuchekesha. Akamfananisha mwenye kudhani vinginevyo na mtu atakaye kufuga bustanini wale mijusi wakubwa wa bahari waliokwisha kutoweka duniani zamani za kale.

Miaka 37 ikapita. Mwaka 1989 W. E. Moerner na Lothar Kador, waliokuwa katika maabara ya utafiti ya kampuni ya IBM huko San Jose, California, walichapisha katika Physical Review Letters maandishi mafupi yaliyotangaza kwamba molekuli mojamoja zimegunduliwa na kupimwa kwa nuru ndani ya kitu yabisi. Mwaka uliofuata Michel Orrit na Jacky Bernard wa Bordeaux, Ufaransa, wakachapisha katika jarida lile lile maandishi yao, juu ya molekuli za aina ile ile, katika fuwele ya aina ile ile, kwa njia nyingine. Jarida hilo hujiita la barua, na jina hilo linastahili: maandishi yake ni mafupi, yana haraka, nayo yamwendea msomaji ajuaye nusu ya habari tayari. Makala haya yataka kuzisoma barua hizo mbili, pamoja na zile zilizozitangulia na zilizozifuata, kama tusomavyo maandishi mengine yo yote: kwa kuuliza ni neno gani lililobeba mzigo, na kama mwandishi alikuwa na haki ya kulitumia. Neno lenyewe ni "moja".

Nalichagua neno hilo kwa sababu habari hii, kila isimuliwapo mbele ya watu wasio wataalamu, husimuliwa kwa neno jingine, nalo ni "kuona". Husemwa kwamba mwaka 1989 wanadamu waliona molekuli moja kwa mara ya kwanza. Msikilizaji hupata picha ya kioo cha kukuzia kilichoongezwa nguvu mwaka hata mwaka, mpaka jicho likafika mahali lisipofika zamani. Picha hiyo ni nyepesi kushika, walakini si kweli. Mwaka ule hapana mtu aliyeona molekuli. Kilichopatikana kilikuwa alama katika mstari wa vipimo, kivuli cha nuru iliyomezwa, na kilichoifanya alama ile iwe ya molekuli moja hakikuwa udogo wa kitu kilichotazamwa. Msimulizi akiuondoa ugumu huo ili kumpendeza msikilizaji huondoa pamoja nao jambo lenyewe.

Yapasa kwanza kufahamu kizuizi kilikuwa wapi. Pentaseni ni molekuli yenye pete tano za kaboni zilizounganishwa kwa safu. Ukiitia kidogo sana ndani ya fuwele ya para-terfenili, kila pentaseni hukaa mahali ambapo ingekaa molekuli ya fuwele, kama mgeni aliyepewa kiti cha mwenyeji. Mgeni huyu humeza nuru ya manjano yenye kuelekea rangi ya chungwa, ambayo urefu wa wimbi lake ni kama nanomita 592; mwenyeji haimezi nuru hiyo, huiacha ipite. Katika joto tulizoealo, mgeni na mwenyeji hutikisika bila kupumzika, na kutikisika huko huitawanya rangi ambayo kila molekuli huimeza. Molekuli zote huwa zameza eneo lile lile pana, na hapana awezaye kuzipambanua. Lakini fuwele ikipozwa kwa heli ya majimaji hata kufikia digrii 1.6 tu juu ya ukomo wa baridi yote, kutikisika hutulia. Hapo kila molekuli humeza rangi nyembamba ajabu. Nuru hiyo ina mitetemo trilioni 506 hivi kwa sekunde. Upana wa rangi ya pentaseni moja katika baridi ile ni mitetemo milioni 8 hivi, yaani sehemu moja katika milioni 60 na ushei. Tena, rangi ikisha kukusanyika hivyo, nguvu ya kumeza nayo hukusanyika pamoja nayo. Katika rangi yake hasa, molekuli hutupa kivuli kikubwa kuliko mwili wake mara mamia kwa mamia.

Hilo ni la kwanza, nalo peke yake lisingetosha. Kama fuwele ingekuwa kamili, kila kiti kikiwa sawa na kiti kingine, molekuli zote zingeitikia rangi ile ile nyembamba, nazo zingebaki umati mmoja usiotengeka. Lakini hakuna fuwele iliyo kamili. Kiti hiki kimebanwa kidogo upande mmoja, kile kimelegea, kingine kiko karibu na ufa usioonekana. Na kwa ajili ya tofauti hizo kila mgeni humeza rangi yenye kupishana kidogo na ya jirani yake. Rangi za umati hutawanyika katika upana wa mitetemo bilioni moja au zaidi, kwa kadiri ya ubora wa fuwele. Leza yenye rangi iliyo nyembamba kuliko ya molekuli yenyewe yaweza basi kupita katika eneo hilo taratibu, ikiita. Ndani ya nuru yake mna mabilioni ya molekuli za mwenyeji, na wageni wengi pia. Atakayeitikia ni yule ambaye rangi iliyoitwa ni yake, kama mtu aitikiavyo jina lake katika hadhara iliyojaa.

Hapa ndipo mfano wa kioo cha kukuzia uangukapo. Molekuli ile haikutengwa na wenzake kwa mahali. Ingali imezungukwa na kushikwa pande zote, na kama isingeshikwa hivyo isingekuwa na rangi yake mwenyewe. Kasoro ya fuwele ndiyo iliyoipa jina. Wataalamu wa spektroskopia walikuwa wameihesabu kasoro hiyo kuwa adui kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya historia ya fani yao ni habari za hila za kumkwepa adui huyo. Mwaka ule ule wa insha ya Schrödinger, 1952, E. V. Shpol'skii na wenzake huko Moscow walionyesha kwamba molekuli za namna hii zikigandishwa katika viyeyushi fulani hutoa mistari myembamba mahali palipotazamiwa ukungu mpana. Mwaka 1972 Roman Personov na wenzake walitumia leza kuchagua, katika umati, zile tu zenye rangi moja. Mwaka 1974 watu wa Troitsk, karibu na Moscow, na watu wa Tartu katika Estonia, wakagundua kwamba leza ikikaa juu ya rangi moja yaweza kuzibadilisha molekuli za rangi hiyo zisiimeze tena, na katika eneo pana hubaki tundu jembamba.

Tundu hilo ndilo lililoipendeza kampuni ya San Jose. Kama katika doa moja la kitu chaweza kutobolewa matundu elfu ya rangi mbalimbali, basi kila tundu laweza kuwa herufi moja ya kumbukumbu, na doa moja likahifadhi elfu. Basi mfanyakazi wa kampuni hulazimika kuuliza swali la mfanyabiashara: tundu laweza kuwa dogo kiasi gani kabla halijapotea katika kelele? Naona jambo la kupendeza katika hili, kwamba mlango wa kuifikia molekuli moja ulifunguliwa na mtu aliyekuwa akitafuta ghala.

Jibu la swali lile lilipatikana kwa hesabu ijulikanayo na kila mwanafunzi wa takwimu. Ukihesabu vitu 10,000 vilivyotawanyika ovyo, hesabu yako huyumba kwa kadiri ya 100. Ukihesabu 100 huyumba kwa kadiri ya 10. Kadiri umati upunguavyo ndivyo kuyumba kunavyokuwa kukubwa mbele yake. Kwa hiyo ule mlima laini wa rangi uchorwao katika vitabu si laini. Ukiukagua kwa leza nyembamba utauona umejaa vichuguu na mabonde, kwa kuwa katika rangi hii zimetokea molekuli chache zaidi na katika ile nyingi zaidi. Moerner na T. P. Carter waliuona mparuzo huo mwaka 1987. Barua yao ya mwaka huo haisomwi sana leo, nami naiona kuwa ndiyo kiini cha habari yote. Kwani jambo walilolikuta lilikuwa na sura ya kelele, lakini halikuwa na tabia ya kelele. Kelele haijirudii. Mparuzo huu, leza ikipita tena, hurudi vile vile, kichuguu kwa kichuguu. Kitu kirudicho vile vile si kelele tena, ni maandishi, hata kama msomaji hajajua kuyasoma. Na ikiwa vichuguu vile ni vya tofauti za idadi, basi haikubaki ila kusogea kutoka kilele cha mlima kwenda pembezoni, ambako molekuli ni chache, mpaka ifike mahali ambapo tofauti ni kati ya sifuri na moja.

Ndivyo barua ya 1989 ilivyofanya. Njia yake ilikuwa ngumu: nuru ya leza ilipita ndani ya fuwele mpaka kwenye kipokezi, na watafiti wakatafuta upungufu mdogo mno katika nuru nyingi. Ili kuupambanua upungufu huo waliitetemesha rangi ya leza, na juu ya tetemeko hilo wakaongeza la pili, mara kwa umeme na mara kwa mawimbi ya sauti, kusudi cho chote kisichotoka katika molekuli kifutike. Alama iliyopatikana haina sura ya kilele. Ina sura ya herufi W, kwa sababu njia ile ya vipimo huligeuza umbo la mstari. Na msomaji huombwa aamini kwa kuilinganisha na umbo ambalo hesabu ilikuwa imelitabiri. Mchoro ule haupendezi macho. Hauwezi kuning'inizwa ukutani. Mtu asiyejua hoja iliyoutangulia hataona humo kitu cho chote.

Barua ya Orrit na Bernard ni kinyume chake. Wao hawakutafuta upungufu katika nuru iliyopita. Walikusanya nuru ambayo molekuli yenyewe huitoa baada ya kumeza, na kwa kuwa nuru hiyo ina rangi yenye mawimbi marefu zaidi, nuru ya leza yaweza kuzuiwa kwa kichujio isifike kwenye kipokezi. Hivyo badala ya doa hafifu la giza katika mwangaza, walipata mwanga mdogo katika giza. Tofauti hiyo ni kubwa. Vilele vyao vyasimama wazi juu ya uwanda mtupu, navyo hutokea pale pale kila leza ipitapo, vikiwa na upana utazamiwao kwa molekuli moja. Tangu hapo karibu kila mtu aliyeingia katika kazi hii alifuata njia ya Bordeaux.

Nikiulizwa ni jaribio lipi lililo bora, nitajibu bila kusita kwamba ni la 1990. Nikiulizwa ni maandishi yapi yaliyo bora, jibu langu ni jingine. Barua ya 1990 ina bahati ya kuwa na mchoro umshindao msomaji kwa mtazamo mmoja. Barua ya 1989 haina bahati hiyo, basi imelazimika kujenga: hapa ni idadi, hapa ni kuyumba kwa idadi, hapa ni pembezoni, hapa ni umbo lililotabiriwa, na hapa ni umbo lililopatikana. Neno "moja" lafika mwisho wa hoja, likiwa limelipiwa. Katika maandishi mengi yaliyofuata neno hilo hutajwa katika mstari wa kwanza, kama mtu aanzaye hadithi kwa kumtaja muuaji. Wala simlaumu ye yote. Njia ikisha kuwa barabara hapana haja ya kumwonyesha msafiri kila kisiki. Lakini mwanafunzi atakaye kujua jinsi dai kubwa linavyojengwa kwa vitu vidogo asianzie kwenye vilele vizuri vya Bordeaux.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo nalo ni haki ya kila msomaji: wajuaje kwamba si mbili? Molekuli mbili zaweza kutokea kuwa na rangi karibu sawa, zikatoa kilele kimoja. Upana wa kilele ni ushahidi, mahali pake pembezoni ni ushahidi, lakini ushahidi wa namna hii hupunguza shaka bila kuimaliza.

Lugha yetu yaijua shida hii kwa njia yake. Neno "molekuli" limeingia katika ngeli ya nyumba na nguo na njia: halibadiliki liwapo la kitu kimoja wala liwapo la vitu vingi. Mtu akitamka "molekuli" akanyamaza, hujui ametaja ngapi. Wajua pale kitendo kifuatapo: molekuli yang'aa, molekuli zang'aa. Idadi haikukaa katika jina, imekaa katika kitendo. Na kweli uthibitisho uliokosekana ulipatikana huko huko katika kitendo, mwaka 1992, katika barua iliyoandikwa kwa ushirikiano wa pande zote mbili: Thomas Basché, Moerner, Orrit na H. Talon. Walichokipima ni wakati. Molekuli moja ikisha kutoa fotoni haina nyingine ya kutoa mpaka imeze tena nuru, na baada ya kumeza hukaa kwa wastani wa sehemu 20 hivi za bilioni moja ya sekunde kabla ya kutoa. Kwa hiyo haiwezi kutoa fotoni mbili kwa dakika ile ile, kama mtu asivyoweza kuvuta pumzi mbili kwa mara moja. Molekuli mbili zaweza. Basi mtafiti hugawanya nuru kwa vipokezi viwili, na kuhesabu ni mara ngapi vyote viwili hupigwa kwa pamoja. Hesabu hiyo ikishuka kuelekea sifuri, mwenye kung'aa ni mmoja. Neno la 1989 likapata sarufi yake miaka mitatu baada ya kutamkwa.

Je, lilitamkwa mapema mno? Sidhani. Mtu mwenye hoja njema ana ruhusa ya kutamka neno kabla ya hati zote kufika, maadam aonyeshe hoja yenyewe, nao walionyesha.

Hata hivyo nina malalamiko mawili, na la kwanza lahusu hayo hayo ya pembezoni. Molekuli zilizochaguliwa ni zile zilizo mbali na kilele cha umati, kwa kuwa huko ndiko zilikopatikana zikiwa mbalimbali. Lakini molekuli ya pembezoni iko huko kwa sababu kiti chake kina kasoro kuliko viti vya kawaida. Tumemwuliza habari za mji mtu aishiye mwisho wa mji, ambaye mazingira yake si ya wengi. Zaidi ya hayo, katika para-terfenili pentaseni ina viti vya aina nne, ambavyo wataalamu wameviita O1, O2, O3 na O4. Zilizosikika kwa urahisi ni za O1 na O2. Zile za O3 na O4, zikisha kumeza nuru, huangukia upesi mno katika hali ya giza ambamo hukaa bila kung'aa, basi mwanga wake ni haba. Nusu ya majina ya viti katika fuwele ile yakakaa kimya karibu kabisa. Waandishi hawakulificha jambo hili, limeandikwa wazi. Lakini msomaji wa vitabu vya baadaye, akisoma kwamba wastani umeondolewa na mtu mmojammoja sasa anasikika, apaswa kukumbuka kwamba wanaosikika ni wale wenye sauti.

Walakini, waliosikika walisema mambo ambayo umati usingesema kamwe. Mwaka 1991 W. P. Ambrose na Moerner walieleza katika jarida la Nature kwamba baadhi ya molekuli zao hazikukaa mahali. Molekuli ilikuwa ikiitikia rangi fulani, kisha kwa ghafula ikawa haipo pale, ikapatikana katika rangi ya jirani, kisha ikahama tena. Leza haikuwa imebadilika. Kiti ndicho kilichogeuka, kwa kuwa kitu fulani karibu na molekuli kilikuwa kikipinduka huku na huku hata katika baridi ile. Tabia hiyo ilijulikana katika vioo na plastiki, ambavyo mpangilio wake wa ndani ni ovyo. Katika fuwele haikutazamiwa. Fikiri mlima wa rangi ungeonyesha nini kwa jambo hili. Usingeonyesha kitu. Anapohama mmoja kwenda kulia na mwingine kwenda kushoto, mlima hubaki ulivyo, nao umekaa hivyo katika michoro ya vitabu miaka yote, umetulia, ilhali ndani yake watu wanahama.

Lalamiko la pili ni juu ya Schrödinger. Waandishi wa fani hii wameipenda kauli yake ya 1952, nao huiweka mwanzoni mwa mihadhara kama shabaha: mzee alisema haiwezekani, nasi tumefanya. Mtindo huo wafaa kuchekesha ukumbi, lakini si usomaji wa haki. Alipoandika, aliyosema yalikuwa kweli. Alieleza majaribio yaliyokuwapo. Tena kauli ile haikuwa hitimisho la insha yake, ilikuwa hatua ndani ya hoja nyingine. Alilolikana hasa ni miruko, yaani fikira kwamba atomu huacha hali moja na kutokea katika nyingine bila njia ya katikati. Mwenye kutaka kumjibu yampasa amjibu hapo. Na majibu yapo, wala hayakuanzia katika yabisi: ioni moja ya bariamu ilinaswa na kupigwa picha Heidelberg mwaka 1980, na mwaka 1986 vikundi kadhaa vikaonyesha ioni iliyonaswa ikizimika na kuwaka kwa ghafula kwa kuingia na kutoka katika hali ya giza. Katika fuwele, kikundi cha Bordeaux kilionyesha mwaka 1993 kwamba fotoni za pentaseni moja huja kwa mafungu, zikikatizwa na vipindi vya giza vya sehemu ndogo za sekunde, kwa sababu ile ile. Msomaji anayetaka kushindana na mzee wa Dublin aweke fungu hili la maandishi mbele, si lile la W. Hapo ataona kwamba swali lake halikufa. Limebadilika tu, kwani mtu aweza kuukubali ushahidi huo wote na bado akauliza kama neno "mruko" laeleza lililotokea au laeleza ujinga wetu wa lililo katikati.

Lipo pia neno la kusema juu ya tafsiri, maana wanafunzi wetu wataandika mambo haya kwa Kiswahili, na wengine wameanza. Nimekuta katika kazi zao "molekuli pekee" na "molekuli ya peke yake". Yote mawili yapotosha. Kilicho peke yake kimeachana na wenzake, na tumekwisha kuona kwamba molekuli hii imeketi katikati ya umati na jina lake limetokana na kubanwa na umati. "Molekuli moja" ni sahihi kwa kutaja kilichopatikana siku fulani katika rangi fulani. Lakini kwa kuitaja njia yenyewe, ambayo kazi yake ni kumwita huyu, kisha huyu, kisha yule, kila mmoja kwa zamu yake, nafikiri lugha yetu ina kitu kilicho bora kuliko hata kile walicho nacho wenye kuandika asili, nacho ni "mojamoja". Spektroskopia ya molekuli mojamoja: hapo umati haukukanwa, wala mtu binafsi hakumezwa.

Tarehe 8 Desemba 2014 Moerner alitoa mhadhara wake wa Tuzo ya Nobel ya kemia huko Stockholm, tuzo aliyoshirikiana na Eric Betzig na Stefan Hell. Tuzo ilikuwa ya hadubini ipitayo mpaka wa kawaida wa nuru, si ya barua ya 1989, na kwa hiyo hapana dhuluma katika kukosekana kwa jina la Orrit. Mhadhara ule ni mzuri na una ukarimu kwa wenzake. Lakini mwendo wake ni wa kutoka baridi kwenda joto: fuwele na heli ziko mwanzo, kisha huja maji, kisha chembe hai, na msikilizaji huondoka akidhani kwamba miaka ile ya baridi ilikuwa dibaji, kazi ya kungojea kazi.

Sikubaliani na mpangilio huo. Mwaka 1999 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walizichukua pete za protini ambazo bakteria fulani hunasia nuru ya jua, kila moja ikiwa na molekuli 18 za klorofili katika duara moja na 9 katika duara jingine, wakazipoza hadi digrii 1.2 juu ya ukomo wa baridi, wakazichunguza pete moja baada ya nyingine. Umati wa pete hizo ulikuwa umejulikana kwa miaka mingi kwa vilima viwili vipana. Pete mojamoja zilionyesha kwamba vilima vile havikuwa vya namna moja. Kimoja, kile cha duara la 9, kilivunjika kikawa mistari myembamba mingi, kwa kuwa klorofili za hapo humeza nuru kila moja kwa nafasi yake. Cha pili kilibaki mikanda michache mipana, kwa kuwa zile 18 zimekaribiana mno, nazo huimeza nuru kwa pamoja.